Gesi Ipandayo, Gesi Itambaayo

Dar es Salaam ina gesi mbili za kupikia. Moja huja kwa bomba kutoka Songo Songo na Mtwara na kuingia kwenye baadhi ya nyumba, za Mikocheni kwa mfano. Nyingine imo mtungini, na ndiyo ya walio wengi. Moto wa zote ni wa bluu na harufu zao zinakaribiana. Zikivuja, kila moja hushika njia yake.

Ya bomba karibu yote ni methani, ambayo uzito wake ni kama nusu ya uzito wa hewa. Hupanda, hujikusanya chini ya dari, kisha hupenya kwenye matundu ya taa katika jipsamu na kuingia darini, na kutoka huko huweza kushukia hata chumba cha kulala. Ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, mzito kuliko hewa mara moja na nusu hadi mbili. Hiyo hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, hutuama penye bonde.

Sasa nunua kile kisanduku cheupe cha kutambua gesi. Utakichomeka wapi? Penye soketi, bila shaka, na soketi ya jikoni iko juu kidogo ya meza. Hapo ni pabaya kwa gesi zote mbili. Wajapani, ambao wana uzoefu mrefu wa vifaa hivi, wana vipimo vinavyoeleweka: kwa gesi nyepesi, kiwe ndani ya sentimita 30 kutoka dari na kisizidi mita 8 kutoka kwenye jiko lenyewe; kwa gesi nzito, ndani ya sentimita 30 kutoka sakafu na kisizidi mita 4. Boriti ikishuka sentimita 60 kutoka dari huhesabiwa kama ukuta, maana methani hukwama nyuma yake. Mwenye nyumba ya bomba aongeze kingine kwenye korido ya vyumba vya kulala. Wa mtungi aanze na jiko, chini kabisa, hata kama fundi atalalamika kuvuta waya upya.

Pua haitoshi? Gesi asilia, yaani ile ya bomba, yenyewe haina harufu. Machi 1937, shule moja ya New London, Texas, ililipuka kwa gesi iliyokuwa imejaa chini ya sakafu bila mtu kujua, wakafa karibu watu 300, wengi wao watoto. Ndipo sheria ikalazimisha gesi itiwe kemikali inayonuka. Lakini pua huzoea harufu baada ya dakika chache, na aliyelala fofofo haamshwi nayo.

Kifaa hakinusi, hupima umeme. Mjapani Naoyoshi Taguchi alibuni mwaka 1962 kitambuzi cha oksidi ya stani, na aina hiyo inatumika mpaka leo. Ndani mna chembe ndogo inayopashwa moto wa nyuzi mia kadhaa. Oksijeni ya hewani huganda juu yake na kushikilia elektroni, hivyo umeme hupita kwa shida. Gesi ikifika, huungua na oksijeni ile, elektroni huachiwa, umeme hupita kwa wepesi, king'ora kinalia. Ubaya wake ni kwamba manukato, spiriti na mvuke wa konyagi navyo huweza kukidanganya. Kwa hiyo kisiwe juu ya jiko lenyewe.

Kwa kawaida hulia mapema sana. Methani huwaka ikifika asilimia 5 ya hewa. Vifaa vingi hulia kabla haijafika robo ya kiwango hicho. Gesi ya mtungi huanza kuwaka kwenye asilimia 2 hivi. Kwa jiko la mita 3 kwa 3 kwa 3, hiyo ni kama kilo moja tu, na mtungi mdogo una kilo 6. Ikikusanyika chini, hata kilo hiyo haihitajiki.

Kikilia, usiguse swichi, hata ya kuzima, kwa sababu cheche hutoka ukiwasha na ukizima. Funga mtungi au valvu kama panafikika, fungua milango, toka, piga simu ukiwa nje. Baadaye fundi apake povu la sabuni kwenye mpira na regulata. Penye tundu patachemka vipovu.

Kitufe cha majaribio hupima king'ora, si kitambuzi chenyewe, ambacho huchoka baada ya miaka 5 hadi 10. Tarehe ya mwisho imeandikwa mgongoni. Na kwa kuwa chembe ile huhitaji joto muda wote, umeme ukikatika kifaa kisicho na betri ni kipofu, ilhali jiko la gesi linaendelea kuwaka.