Hatari ya nyigu kwa wenye mzio

KWA watu wengi, kuumwa na nyigu huleta maumivu makali na uvimbe mahali alipodunga mdudu huyo, kisha mambo huisha baada ya siku chache. Kwa wachache, mwiba huo mmoja waweza kukatiza maisha kabla ya mgonjwa kufikishwa hospitalini.

Tofauti hiyo huletwa na mwili wenyewe. Anayedungwa mara ya kwanza huenda asidhurike, lakini kinga ya mwili wake ikaihesabu sumu hiyo kuwa adui. Akidungwa tena, hata baada ya miaka mingi, kinga hiyo hupandwa na hamaki na kumwaga kemikali kama vile histamini kwa wingi. Mishipa ya damu hutanuka, shinikizo la damu hushuka ghafla na njia za hewa hubana.

Wanasayansi Wafaransa Charles Richet na Paul Portier waliipa hali hiyo jina la anafilaksia mwaka 1902.

Dalili zake ni vipele vinavyowasha mwili mzima, kuvimba midomo na ulimi, kupumua kwa shida, kutapika, kizunguzungu na kuzirai. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 ulionyesha kuwa nusu ya waliouawa na mzio wa wadudu walikoma kupumua au moyo ulisimama ndani ya dakika 15 hivi.

Nyigu haachi mwiba mwilini kama nyuki, hivyo huweza kudunga tena na tena. Jambo la kwanza ni kumwondoa mtu karibu na kiota.

Dawa inayookoa maisha ni adrenalini, ambayo hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Vidonge vya kupunguza mwasho haviwezi kushika nafasi yake, sembuse kitunguu au matope.

Akisubiri gari, mgonjwa alazwe chali, miguu ikiinuliwa. Anayehema kwa shida aketi. Asisimamishwe wala kutembezwa. Hata akipata nafuu, abaki chini ya uangalizi wa daktari kwa sababu dalili huweza kurejea saa kadhaa baadaye.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliyewahi kuvimba mwili au kukosa pumzi baada ya kuumwa na nyigu hana budi kumwona daktari mapema, kabla mdudu hajamrudia.