Klabu haijakulipa? Siku 60 zinahesabika

OKTOBA 2021 Biashara United Mara ilikuwa inatembea kifua mbele. Wanajeshi wa Mpakani walishika nafasi ya nne Ligi Kuu msimu wa 2020/21, wakaingia Kombe la Shirikisho Afrika, wakaitoa Dikhil ya Djibouti, kisha wakaichapa Al Ahli Tripoli mabao 2-0 jijini Dar es Salaam. Ilibaki marudiano tu. Safari ya Libya ikakwama, timu haikufika, na tiketi ya raundi iliyofuata ikaenda kwa wapinzani. Msimu ulipoisha, Musoma ikaiaga Ligi Kuu.

Mashabiki wa Uwanja wa Karume wanayakumbuka yale kwa uchungu wa matokeo. Mchezaji anayaangalia kwa jicho lingine. Anajua kuwa klabu yoyote ikianza kuhangaikia nauli, kinachofuata kupigwa danadana ni mshahara wake. Ataambiwa asubiri mdau, asubiri mgawo, asubiri mechi na Simba au Yanga ili mlango uingize fedha. Anasubiri kweli, maana anaogopa kuonekana msumbufu na kuwekwa benchi.

Kosa linaanzia hapo. Deni la mshahara lina muda wake, na saa inatembea wakati wewe umekaa kimya.

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mchezaji mwenye mkataba wa kazi ni mfanyakazi kama wengine. Kocha, daktari wa timu, mpishi wa kambi na mlinzi wa uwanja nao wamo. Mlango wa kugonga ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ambayo kwa Mara ina ofisi Musoma. Madai ya mshahara yapelekwe ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Kama umefukuzwa na unapinga kufukuzwa kwenyewe, una siku 30 tu. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, ila lazima uwe na sababu ya maana. "Niliahidiwa nitalipwa" si lazima ikuokoe.

Kufungua shauri hakuhitaji wakili. Unajaza fomu, nakala unampelekea mwajiri, kisha mnaitwa mbele ya msuluhishi. Usuluhishi umepewa siku 30. Mkishindwana, shauri linakwenda kwenye uamuzi, na uamuzi huo una nguvu. Klabu ikigoma kulipa, unaukazia Mahakama Kuu, na mali au akaunti ya klabu inaweza kukamatwa. Asiyeridhika ana wiki sita za kuomba mapitio Mahakama Kuu.

Kwa wachezaji wa Bunda na Butiama kuna jambo la kuliangalia. Binti aliyepita Bunda Queens, timu iliyofika Ligi Kuu ya Wanawake, anaweza kupanda basi hadi Musoma akafungua shauri. Lakini kijana wa Butiama aliyesaini timu ya Mtwara hawezi kurudi nyumbani halafu adai huku. Shauri linafunguliwa kule mgogoro ulikotokea. Ukisharudi nyumbani bila kufungua chochote, siku 60 zinaweza kukatika ukiwa kijiweni.

Njia ya pili ni ya mpira wenyewe. Mchezaji wa ndani anapeleka malalamiko TFF, kwenye Kamati ya Sheria, Katiba na Hadhi za Wachezaji. Mgeni anaweza kwenda FIFA moja kwa moja, na huko ukomo ni miaka miwili. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikikulimbikizia walau mishahara miwili bila haki, unaiandikia barua ya kudai na kuipa siku 15. Isipolipa, una sababu halali ya kuvunja mkataba. Angalia mpangilio huo: barua kwanza, kuondoka baadaye. Anayebeba begi usiku bila barua ndiye anayegeuka mtoro wa kambi.

FIFA wana rungu ambalo CMA hawana, kuzuia usajili. Agosti 2023 Kitayosce, ambayo baadaye ikaitwa Tabora United, iliingia Azam Complex kwa mechi yake ya kwanza Ligi Kuu ikiwa na wachezaji wanane tu, kwa sababu ya kifungo cha usajili kilichotokana na deni la kocha wa zamani. Ikapigwa nne na Azam, wengine wakaumia, wakabaki pungufu ya saba, mpira ukaishia hapo. Hata Yanga, pamoja na ukubwa wake, imewahi kufungiwa usajili kwa deni la Lazarous Kambole.

Je, kupitia TFF kunakufungia CMA? Kanuni za FIFA zenyewe zinatambua haki ya mchezaji kwenda mahakama za kawaida kwa mgogoro wa ajira. Ila soma mkataba wako unasemaje, chagua njia moja na uifuate. Ukiwa huku na kule, siku zinakuishia.

Kinachoshinda kesi ni karatasi. Weka nakala yako ya mkataba, maana wapo wanaosaini na kuiacha ofisini kwa katibu. Tunza taarifa ya benki na meseji za miamala ya simu, zinaonyesha ulilipwa lini na lini hukulipwa. Ada ya usajili na bonasi ziandikwe. Ahadi ya mfadhili aliyoitoa vyumbani baada ya ushindi ni ngumu kuithibitisha.

La mwisho ndilo linalowamaliza wengi. Dirisha likifunguliwa, klabu inakuambia: chukua barua ya kuachwa, ila saini kwanza kwamba huna madai. Kijana mwenye timu mpya mkononi anasaini fasta. Mishahara ya miezi minne inaweza kufia kwenye mstari huo mmoja. Kabla ya kushika kalamu, dai kiasi unachodai kiandikwe na tarehe ya kulipwa. Wakikataa, hesabu ulipofikia kwenye zile siku 60.