Mama mjamzito, usiache samaki: chagua wadogo

Kliniki ya wajawazito nilikutana na mama aliyeacha samaki kabisa. Wifi yake alimwambia samaki wa bahari wana zebaki, hivyo akawa anakula ugali kwa mchicha tu. Alikuwa amesikia nusu ya habari.

Zebaki inafikaje kwenye samaki?
Zebaki ni madini. Hufika baharini kutokana na shughuli kama kuchoma makaa ya mawe na kuchenjua dhahabu. Dagaa huwa nayo kidogo sana. Samaki mkubwa anayekula samaki wengine kwa miaka mingi huikusanya kwenye nyama yake. Ndiyo maana papa na nduaro wana zebaki nyingi kuliko dagaa.

Kwa nini mjamzito awe makini?
Zebaki hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwenye ubongo wa mtoto. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, na ugonjwa ukagunduliwa mwaka 1956. Baadhi ya akina mama walikuwa na dalili ndogo tu, lakini walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa. Kiwango kile kilikuwa kikubwa mno, lakini kilitufundisha kuwa mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama yake.

Kuchemsha, kukaanga, kutia ndimu au kukausha hakuondoi zebaki. Papa mkavu bado ni papa.

Ufanye nini?
- Ukiwa mjamzito, unanyonyesha au unalea mtoto mdogo, wewe na mtoto msile papa wala nduaro.
- Jodari na nguru: isizidi mara moja kwa wiki.
- Dagaa, vibua na tasi: kula mara mbili au tatu kwa wiki.
- Mtoto akifikisha miezi 6, mchanganyie dagaa waliosafishwa na kusagwa laini kwenye uji.

Kama umekuwa ukila papa, usiogope. Ukiacha, zebaki iliyo mwilini hupungua kwa nusu katika miezi miwili hivi. Mweleze muuguzi wako.

Samaki wadogo wana protini, madini ya chuma na mafuta yanayojenga ubongo wa mtoto. Dagaa anayeliwa na mifupa yake huongeza kalsiamu. Yule mama sasa ananunua fungu la vibua sokoni, na wifi yake anakula naye.