PANDA BAISKELI BILA MZIGO



Baiskeli unaijua. Katika vijiji vya Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa imebeba madumu ya maji, magunia ya mtama, hata wagonjwa wa kupelekwa zahanati. Leo tunakuomba uutue mzigo. Panda baiskeli tupu, nusu saa tu, kwa afya yako na kwa raha yako.

Kwa nini tunasema hivyo?

Mwaka 1973 Watanzania wengi walikusanyika katika vikundi kujifunza kampeni ya Mtu ni Afya. Walichimba vyoo na kusafisha mazingira ili kupambana na malaria, kuhara, safura, kichocho na kifua kikuu. Maradhi hayo bado yapo. Lakini sasa kuna mengine yanayozidi kuenea, ambayo hayaletwi na mbu wala na maji machafu. Ni shinikizo la damu, yaani presha, na kisukari.

Presha ni adui wa siri. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kuumwa. Siku moja anaanguka ghafla. Upande mmoja wa mwili umepooza. Hawezi tena kushika jembe, na pengine hawezi kusema. Nyumba nzima inaingia katika shida.

Chumvi nyingi, pombe, tumbaku na unene huleta presha. Kukaa bila kutumia mwili nako huileta. Moyo ni msuli. Ukiutumia, unapata nguvu. Ukiulaza, unalegea.

"Mimi ni mkulima, nimeshachoka"

Ni kweli. Wakati wa kulima na kupalilia, jembe linatosha. Lakini jiulize: baada ya mavuno unafanya nini? Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Kati ya Juni na Novemba wengi wetu hukaa kivulini kwa muda mrefu. Na mwenye duka, fundi cherehani, karani na dereva wa bodaboda hukaa mwaka mzima. Pikipiki humfikisha mtu upesi, lakini inayofanya kazi ni injini, siyo moyo wake.

"Sina nafasi"

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima autumie mwili wake kwa dakika 150 au zaidi kila juma. Hizo ni nusu saa kwa siku 5. Ukikosa nusu saa nzima, panda dakika 15 asubuhi na 15 jioni. Safari ya dukani uliyotaka kumtuma mtoto, nenda wewe.

Kabla ya kuanza

Nenda zahanati ukapimwe presha. Ikiwa vipimo vya siku mbalimbali ni 140 kwa 90 au zaidi, fuata maelezo ya mganga. Kama una ugonjwa wa moyo au unatumia dawa za kisukari, mwulize kwanza. Usiache dawa kwa sababu umeanza baiskeli.

Kisha kagua baiskeli yako:

1. Breki. Sukuma baiskeli, kisha kamata breki. Magurudumu yasimame.
2. Matairi. Yabonyeze kwa kidole gumba. Yakibonyea sana, jaza upepo. Kwetu mbigili na miiba ni mingi, kwa hiyo chukua pampu, solusheni na kiraka.
3. Mnyororo. Usafishe vumbi, utie mafuta kidogo.
4. Kiti. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatauma.

Anza kidogo kidogo

Juma la 1 na la 2: dakika 10, siku 3.
Juma la 3 na la 4: dakika 20, siku 3 au 4.
Tangu juma la 5: dakika 30, siku 5.

Usishindane na vijana. Ukikutana na mtu njiani, mwamkie. Ukiweza kusema "Mbukwa" na kuuliza habari za nyumbani bila kukatika pumzi, mwendo wako ni mzuri. Ukishindwa kuzungumza, punguza.

Toka alfajiri kukipambazuka, au jioni jua likipoa. Wakati wa kiangazi upepo wetu ni mkali. Anza safari kwa kuukabili, ili ukirudi umechoka ukusukume. Chukua maji safi ya kunywa. Funga mguu wa suruali usinaswe na mnyororo. Mama, kaza kanga au kitenge kisiingie kwenye gurudumu.

Chagua njia za kijijini, palipo na mibuyu na hewa safi. Barabara kuu za lami zina malori na mabasi yaendayo kasi. Ukilazimika kupita huko, kaa kushoto, vaa nguo ya rangi ya kuonekana, na kofia ngumu ukiipata. Usiku usipande bila taa.

Usiyejua kupanda

Mtu mzima hujifunza, kama alivyojifunza kusoma. Teremsha kiti mpaka nyayo zote mbili ziguse ardhi. Jisukume kwa miguu mahali tambarare. Ukiweza kuteleza bila kuyumba, weka miguu kwenye pedali. Nyumba nyingi baiskeli ni ya baba, lakini moyo wa mama nao unahitaji nguvu. Mpeane zamu.

Hatari

Kifua kikibana, ukisikia kizunguzungu, au pumzi ikikatika kuliko kawaida, shuka. Pumzika kivulini. Maumivu ya kifua yasipotulia, upelekwe kituo cha afya upesi. Mwenye kisukari achukue sukari kidogo mfukoni. Akitetemeka na kutoka jasho baridi, ailambe mara moja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mtu anaweza kuwa na presha bila kujua?
2. Katika kijiji chenu, ni nani hukaa zaidi wakati wa kiangazi?
3. Ni njia ipi hapa kwenu inayofaa kwa baiskeli, isiyo na malori?
4. Nani kati yenu yuko tayari kuanza juma hili? Nani atakwenda naye?