Katanga: Madai ya Uhuru na Hatima ya Askari Wake



Kutoka vilima vya Mutanga Nord mtu huliona ziwa Tanganyika na milima ya Kongo iliyo ng'ambo. Akiufuata ufuko wa ng'ambo hiyo kuelekea kusini, mbali kupita Uvira na Baraka, atafika Kalemie, mji ambao Wabelgiji waliuita Albertville. Mji huo ulidaiwa kuwa sehemu ya dola iliyoishi miezi 30 tu. Dola hiyo ilikuwa na bendera, fedha, stempu na jeshi, lakini haikutambuliwa na serikali hata moja duniani. Jina lake ni Katanga. Hata leo madai yake hayajasahauliwa, na katika Kiswahili cha Lubumbashi yamezaa jina la kundi lenye silaha, Bakata Katanga, yaani wale wanaotaka kuikata Katanga itoke Kongo. Yafaa kueleza madai hayo yalitoka wapi, na yaliwafikisha wapi watu waliopewa bunduki kuyalinda.

Watetezi wa Katanga husema kwamba nchi yao ilikuwako kabla ya Kongo. Ukweli kidogo umo. Katika karne ya 19, Msiri, mtu aliyetoka Unyamwezi kwa biashara ya shaba na pembe, alisimamisha ufalme wa Wayeke na mji wake mkuu Bunkeya. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson, ofisa wa msafara ulioongozwa na Stairs kwa niaba ya Mfalme Leopold. Bodson naye alipigwa risasi hapo hapo akafa. Wapagazi na askari wa msafara huo waliajiriwa Unguja. Hata hivyo ufalme wa Msiri haukuwa Katanga nzima. Walunda na Waluba walikuwa na wafalme wao, na mipaka ya Katanga iliyodaiwa mwaka 1960 ilichorwa na Wabelgiji wenyewe.

Tena Wabelgiji hao ndio walioizoesha Katanga kujiona mbali na wengine. Tangu 1900 hadi 1910 ilitawaliwa na halmashauri maalumu, siyo na serikali ya kawaida ya koloni, na hadi 1933 iliendelea kuwa na madaraka yake. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya migodi ya Union Minière. Shaba, kobalti, hata urani ya Shinkolobwe iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima, vyote vilitoka huko. Kazi ya migodi ilileta maelfu ya watu kutoka Kasai, na wageni hao walipofanya vizuri katika uchaguzi wa halmashauri ya mji wa Elisabethville mwishoni mwa 1957, wanaojiita wenyeji halisi walishtuka. Mwaka uliofuata kilizaliwa chama cha Conakat. Viongozi wake wakuu walikuwa Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri, na Moïse Tshombe, mfanyabiashara aliyeoa katika ukoo wa mfalme wa Walunda. Walowezi wa Kizungu walikiunga mkono mapema.

Je, watu wa Katanga walikubali? Katika uchaguzi wa Mei 1960 Conakat ilipata viti 25 vya baraza la jimbo, na wapinzani wao wa Balubakat, chini ya Jason Sendwe, pamoja na washirika wao, walipata 23. Balubakat ilipogoma kuingia barazani, bunge la Ubelgiji lilibadili sheria upesi ili Conakat iweze kuunda serikali peke yake. Kwa hiyo neno "Katanga imeamua" lilikuwa na kasoro tangu siku ya kwanza.

Lakini hakuna jimbo linalojitenga kwa maneno matupu. Linahitaji askari, na hapa ndipo habari hii inapowahusu zaidi wasikilizaji wa leo. Jeshi la koloni, Force Publique, ambalo askari wake walilinda pia Ruanda-Urundi, halikuwa na ofisa hata mmoja aliyekuwa Mkongo siku ya uhuru, 30 Juni 1960. Tarehe 5 Julai kamanda wake, Jenerali Janssens, aliwaandikia askari ubaoni kwamba baada ya uhuru mambo yatakuwa kama kabla ya uhuru. Jioni ile maasi yalianza. Yalipofika Elisabethville, wanajeshi wa Ubelgiji waliingia, wakawanyang'anya waasi silaha, na tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kujitenga. Askari wengi waliotoka mikoa mingine walirudishwa makwao. Mahali pao pakawekwa jandarmeria mpya, chini ya maofisa wa Kibelgiji na baadaye mamluki wa mataifa mbalimbali, na mishahara ikatoka katika kodi ya shaba.

Kazi ya kwanza ya majandarma hao ilikuwa kuwapiga Wakatanga wenzao. Waluba wa kaskazini walikataa utawala wa Tshombe, na vijiji vyao vilichomwa moto. Chuki ilikuwa kubwa hata askari 9 wa Kiirishi wa Umoja wa Mataifa, waliodhaniwa kuwa adui, wakauawa Niemba, si mbali na Kalemie, tarehe 8 Novemba 1960. Kisha ukaja usiku wa 17 Januari 1961. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi porini karibu na Elisabethville na askari na polisi wa Katanga, amri ikitolewa na ofisa wa Kibelgiji, mawaziri wakiwa wamesimama wanatazama. Ubelgiji iliomba radhi mwaka 2002, na jino la Lumumba, kitu pekee kilichosalia, lilirudishwa kwa jamaa zake mwaka 2022.

Biafra ilitambuliwa na nchi chache, Tanzania ikiwa mojawapo. Katanga haikutambuliwa hata na Ubelgiji iliyoipa maofisa. Novemba 1961 Baraza la Usalama liliruhusu nguvu kutumika dhidi ya mamluki. Mapigano yalikuja kwa vipindi, na katika kipindi kimoja Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola. Januari 1963 Tshombe alikubali kushindwa, na Kolwezi ikaingiwa bila vita.

Tshombe mwenyewe hakupotea. Mwaka 1964 aliitwa kuwa Waziri Mkuu wa Kongo ile ile aliyoikata vipande. Alifukuzwa 1965, akatekwa angani mwaka 1967, akafia kizuizini Algiers mwaka 1969. Askari wake ndio walioburuzwa muda mrefu zaidi. Wengi walivuka kwenda Angola, wakaitwa kupigana na Simba mwaka 1964, wakaasi Kisangani 1966, na mwaka 1967 baadhi yao waliishika Bukavu pamoja na mamluki wa Schramme kabla ya kukimbilia Rwanda. Waliobaki Angola waliwatumikia Wareno, kisha MPLA. Machi 1977 waliivamia nchi yao, ambayo Mobutu alikuwa ameipa jina la Shaba, na Mei 1978 waliiteka Kolwezi mpaka askari wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji waliposhuka. Mtoto aliyezaliwa kambini Angola mwaka 1963 alikuwa mtu mzima wa miaka 34 "Tigres" wa Katanga walipoingia Kongo pamoja na majeshi ya Laurent Kabila mwaka 1997.

Jina la Katanga lilirudishwa mwaka huo huo, na mwaka 2015 jimbo liligawanywa kuwa manne, Kalemie ikawa mji mkuu wa jimbo la Tanganyika. Kabla ya hapo, tarehe 23 Machi 2013, Bakata Katanga waliingia Lubumbashi na bendera ya zamani yenye misalaba mitatu ya shaba. Walipigana kwa saa chache na jeshi la serikali, raia wakafa, kisha zaidi ya 200 kati yao wakakimbilia kituo cha askari wa Umoja wa Mataifa na kuweka silaha chini. Walipakiwa katika ndege na kupelekwa Kinshasa.