Je, Wajua? Jozani, Msitu Mdogo Wenye Makubwa

Zanzibar yote, Unguja na Pemba, ina hifadhi ya taifa moja tu! Ndiyo Jozani na Ghuba ya Chwaka: kilomita za mraba 50 hivi, umbali wa kama kilomita 35 kutoka Mji Mkongwe, iliyotangazwa mwaka 2004. Sogea hapa barazani, yapo mengi.

Je, wajua kima punju ni wa Unguja tu? Dunia nzima hana kwao kwengine ila hapa na visiwa vidogo vya jirani kama Uzi. Wale wachache wa msitu wa Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu miaka ya 1970.

Wapo wangapi? Watafiti walizunguka kisiwa kizima wakahesabu 5,862, katika makundi 342. Ni zaidi ya mara tatu ya ilivyodhaniwa zamani! Lakini usishangilie mapema: bado wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Ukimwona, mtazame mkono. Vidole vinne! Gumba limebaki kinundu tu, na bado anaruka mti hadi mti kama hana upungufu wowote.

Embe mbivu? Mpe mwengine. Tumbo la kima punju lina vyumba vyenye vijidudu vya kusaga majani, na sukari ya matunda mabivu humvuruga. Yeye chakula chake ni majani machanga na matunda mabichi.

Hili utabisha: kima punju anakula makaa! Huyaokota kwenye matanuri na visiki vilivyoungua. Majani ya mkungu na mwembe anayoyapenda yana kemikali zenye madhara, na makaa huzinasa tumboni. Nani kamfundisha?

Mwenye minazi naye asikilize. Wakulima walilalamika kwamba kima anawamalizia vidaka, watafiti wakaenda kupima. Wakakuta mashamba ambayo kima hula vidaka zaidi ndiyo yenye mavuno makubwa zaidi ya nazi! Huenda anapopunguza vidaka, vinavyobaki hupata nafasi ya kukua.

Inua macho juu, kisha tazama chini. Paa nunga hupenda kupita chini ya miti waliyomo kima, aokote majani na matunda wanayoangusha. Nje ya Zanzibar, paa huyu amebaki katika misitu michache ya pwani ya Kenya.

Na chui je? Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, na wanasayansi walimpa jina mwaka 1932. Wengi wanaamini ametoweka, na vijijini wapo wanaosema chui hufugwa na wachawi. Mwaka 2018 ikatangazwa picha iliyonaswa na kamera ya mtego, na ubishi haujesha hadi leo!

Wajua Unguja ilikuwa na punda milia? Mifupa yao, na ya nyati pia, imefukuliwa katika pango la Kuumbi huko Jambiani. Zama za barafu bahari ilikuwa chini, kisiwa kimeshikana na bara, na wanyama walikuja kwa miguu yao.

Linganisha na Hawaii, visiwa vya volkano katikati ya Pasifiki ambavyo havijapata kushikana na bara lolote. Mnyama wa asili wa nchi kavu anayenyonyesha aliyebaki kule ni popo peke yake!

Hifadhi ya Taifa ya Hawaii ilianzishwa mwaka 1916. Miaka 100 kamili baadaye, 2016, UNESCO ikaiingiza Jozani katika orodha ya hifadhi za binadamu na viumbehai, ambamo Hawaii imo tangu 1980. Jozani, ambako zamani watu walikuwa wakipasua mbao!

Shuka sasa hadi kijiji cha Pete, upite daraja la mbao katikati ya mikoko. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, kisha huanguka ikiwa mche tayari. Na jani la mchu lilambe: chumvi! Mti unakunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kwa majani.

La mwisho. Barabara kuu ya kwenda kusini inapita ndani ya Jozani, na magari yalikuwa yakiua kima mara kwa mara. Yakawekwa matuta, vifo vikapungua. Lakini havijakoma! Basi, dereva, na wewe abiria uliyekaa kando yake: mkifika Jozani, punguzeni mwendo. Hao wanaovuka hawana kwao kwengine.