KLARINETI YA KWANZA: MZAZI AANGALIE NINI KABLA YA KUTOA FEDHA ZAKE

Mzazi wa Kibera au wa Kawangware ambaye mtoto wake ametaka kujifunza klarineti ana shauri zito mbele yake. Klarineti mpya ya mwanafunzi, iliyotoka katika kiwanda chenye sifa, bei yake hupita mapato ya mwezi mzima ya nyumba nyingi za mitaa hiyo. Fedha hizo zingeweza kuwa karo ya shule, au kodi ya nyumba, au akiba iliyowekwa katika chama kidogo kidogo. Zikitumiwa kwa busara, mtoto atapata ujuzi wa kumfaa maisha yake yote. Zikitumiwa ovyo, chombo kitalala chini ya kitanda kabla ya mwaka kwisha.

Tena liko jambo baya kuliko hasara ya fedha. Klarineti mbovu haisemi kwamba ni mbovu. Hupiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta, na sauti za chini hukataa kabisa kutoka. Mtoto akisikia hivyo siku baada ya siku hudhani kwamba kosa ni lake, na kwamba hakuzaliwa na kipaji. Watoto wengi walioacha muziki kwa sababu hiyo hawakushindwa wao. Vyombo vyao ndivyo vilivyoshindwa. Kwa hiyo yafaa kila mzazi ajue mambo machache ya kuangalia kabla ya kufungua mfuko wake.

KLARINETI NI CHOMBO GANI

Klarineti ni jamaa ya zumari inayojulikana sana katika pwani yetu, ila zumari hupulizwa kwa ndimi mbili zilizofungwa pamoja, na klarineti ina ulimi mmoja tu wa tete, uliobanwa juu ya kipulizio. Chombo hiki kilitengenezwa kwanza na Johann Christoph Denner katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, yapata mwaka wa 1700. Ile ya kawaida ina urefu wa sentimita 66 hivi, nayo hufunguliwa vipande vitano: kipulizio, pipa fupi, mwili wa juu, mwili wa chini, na mdomo mpana uitwao kengele.

Watu wa Kibera si wageni wa chombo hiki. Mtaa huo ulianza mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles, na katika bendi za kijeshi za mtindo wa Kiingereza klarineti ndizo zishikazo mahali pa fidla. Hata baada ya Uhuru mwaka wa 1963, Jeshi la Kenya na Polisi wameendelea kuwa na bendi zao. Upande wa dansi, Jean Serge Essous wa Brazzaville, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz mwaka wa 1956, aliipiga klarineti mpaka ikawa kama inasema Kilingala. Basi mtoto anayejifunza klarineti anaweza kufuata njia nyingi, ya bendi, ya orkestra, ya kanisa au ya dansi.

Klarineti ziko za namna nyingi, lakini mwanafunzi na atafutiwe ile ya sauti ya B-flati. Hiyo ndiyo itumikayo katika bendi, na vitabu vya wanaoanza karibu vyote vimeandikwa kwa ajili yake. Umri wa kuanza ni miaka 9 au 10 na kuendelea, meno ya mbele ya ukubwani yakiwa yamekwisha ota, na vidole vikiweza kuziba matundu pasipo kuacha nafasi. Mtoto aliye mdogo zaidi na aanze kwa filimbi ya plastiki iitwayo rekoda, ambayo imeingizwa katika masomo ya shule za Kenya. Bei yake ni ndogo, na mengi ayajifunzayo hapo kwa vidole na kwa pumzi yatamfaa baadaye.

MTI AU PLASTIKI?

Klarineti zenye sifa kubwa hutengenezwa kwa mpingo, na jambo hili ni fahari kwetu, maana mpingo bora hutoka Tanzania na Msumbiji. Ni mti mzito hata ukitupwa majini huzama, nao hukua polepole sana. Huchukua miaka 70 au zaidi kabla haujafaa kukatwa. Wachongaji wa Kimakonde na wa Kikamba wanaujua vizuri. Huko Kilwa viko vijiji vilivyopata mwaka wa 2009 cheti cha kimataifa cha kuutunza na kuuvuna msitu wao kwa taratibu. Magogo hupasuliwa huku, yakapelekwa Ulaya, na yakarudi Nairobi yakiwa klarineti za bei kubwa.

Walakini mzazi asivutwe na fahari hiyo. Mpingo hupasuka joto na baridi vikibadilika ghafula. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na asubuhi za mwezi wa Julai ni baridi kweli. Nyumba ya mabati huwa kama tanuri saa nane mchana, na usiku joto lote huondoka. Mtoto akiamka alfajiri, akatoa klarineti baridi na kuipuliza kwa pumzi ya moto kabla ya kwenda shuleni, ule mti hutanuka ndani huku nje ukiwa bado umekaza. Ufa huanza hapo, aghalabu katika mwili wa juu, karibu na matundu madogo.

Plastiki ngumu haina taabu hiyo. Haipasuki kwa hali ya hewa, huoshwa kwa urahisi, na ni nyepesi kidogo; na uzito ni jambo la kufikiriwa, kwa kuwa klarineti nzima, yapata robo tatu za kilo, hukaa juu ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Kwa miaka mitatu au minne ya kwanza, hapana sauti ambayo mwanafunzi ataikosa kwa sababu chombo chake si cha mti. Kwa mtoto wa Kibera au Kawangware, basi, plastiki iliyotengenezwa vizuri ndiyo chaguo la busara, na mpingo na ungoje mpaka ujuzi ukomae.

Lakini si kila plastiki ni sawa. Madukani ziko klarineti mpya zinazong'aa, nyingine nyekundu au buluu, za bei ndogo mno. Vibonyezo vya nyingi katika hizo ni vya chuma laini; vikigongwa kidogo hupinda, na mafundi wengine hukataa kuzishika. Wazee walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Muuzaji atazisifu, maana ndiyo kazi yake; mnunuzi na amwulize fundi kwanza.

KUPIMA CHOMBO KILICHOKWISHA TUMIKA

Klarineti iliyokwisha tumika, ya kiwanda chenye jina, mara nyingi ni bora kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Illa yapasa ipimwe kwa utaratibu huu.

Kwanza, zihesabiwe pete za chuma zinazozunguka matundu ya vidole. Klarineti ya taratibu ya Boehm, ifundishwayo na walimu wengi duniani, ina pete 6 na vibonyezo 17. Ikiwa pete ni mbili au nne tu, hiyo ni ya taratibu ya zamani, na mtoto atakosa vitabu na mwalimu wa kumwongoza.

Pili, itazamwe kama imepigwa alama ya herufi HP au LP. HP ni chombo cha kale cha sauti ya juu, ambacho kitalia nje ya wenzake katika bendi yo yote ya leo. Hakuna fundi awezaye kukirekebisha, hata kikipewa bure kisikubaliwe.

Tatu, kila kibonyezo kibonyezwe na kuachiliwa. Chapaswa kurudi upesi bila kulialia. Kama sivyo, springi imechoka. Pedi laini zilizo chini ya vifuniko zitazamwe kama zimechanika, zimevimba, au zimeliwa na wadudu. Maungio nayo, yaliyofungwa kwa gamba laini kama la vizibo vya chupa, yakaze bila kutumia nguvu.

Nne, ndiyo kubwa kuliko zote, mwili wa juu upimwe kama unashika hewa. Uondolewe peke yake. Matundu matatu ya mbele na lile la kidole gumba nyuma yazibwe kwa vidole, upande wa chini uzibwe kwa kiganja, kisha mtu anyonye hewa kwa juu. Chombo kizima kitashika mvuto huo kwa muda. Ukipotea mara moja, iko pedi isiyofunga, na hicho ndicho chanzo cha kelele zile zimkatishazo mtoto tamaa. Si lazima chombo hicho kikataliwe, ila gharama ya kubadili pedi iulizwe kwa fundi na kuondolewa katika bei. Sonara hodari wa jua kali aweza kuunga kibonyezo kilichovunjika, lakini pedi ni kazi ya fundi wa vyombo vya muziki.

KIPULIZIO NA ULIMI

Wazazi wengi hutazama mwili wa klarineti na kusahau kipulizio, na kumbe sauti huzaliwa hapo. Kipulizio chenye ncha iliyovunjika, hata kidogo, hakifai. Kubadili kipulizio kibaya mara nyingi huleta faida kuliko kubadili klarineti yote.

Ulimi ni wa tete, tena huchakaa. Anayeanza na apewe namba 2 au 2½. Ulio mgumu zaidi utamchosha mdomo. Kwa kuwa ndimi hununuliwa tena na tena, gharama hiyo iwekwe katika hesabu tangu mwanzo. Ziko pia ndimi za plastiki, ambazo bei yake ni kubwa lakini hudumu miezi mingi na huoshwa.

KUNUNUA KWA UMOJA

Kama uwezo wa mmoja hautoshi, liko shauri jingine. Katika mtaa wa Korogocho, kazi iitwayo Ghetto Classics, iliyoanzishwa mwaka wa 2008 na Elizabeth Njoroge, imeonyesha kwamba watoto wa mtaa wa maskini waweza kupiga muziki wa orkestra, kwa vyombo vya kikundi na chini ya walimu. Wazazi watano wa Kawangware, au kanisa moja la Kibera, waweza kununua klarineti moja nzima badala ya tano mbovu. Masharti ni machache: kila mtoto awe na kipulizio na ulimi wake mwenyewe, kwa ajili ya afya, chombo kikaushwe kwa kitambaa kila baada ya kupigwa, na kilazwe katika kabati lenye kufuli, mbali na jua. Kanisani au shuleni mtoto hupata pia nafasi ya kufanya mazoezi bila kuwasumbua majirani walio nyuma ya ukuta wa bati.

Mwisho, mwalimu na atafutwe kabla ya chombo. Kenya Conservatoire of Music imekuwako Nairobi tangu mwaka wa 1944, na wako wapigaji wa bendi za Serikali walio tayari kufundisha siku za mapumziko. Mzazi na amwombe mtu wa namna hiyo afuatane naye dukani, aipige klarineti ile kutoka sauti ya chini kabisa hata ya juu, kabla ya shilingi hata moja kutolewa. Malipo madogo ya mtu huyo kwa saa moja yatamwokolea mzazi akiba ya mwaka mzima, na yatampa mtoto haki ya kujaribu kwa chombo kisicho na kosa.